Mizani na Wimbo wa Binti Yake

Fundi huyu wa studio ya muziki watu walimwita Mizani, na jina hilo hakulipata bure. Mletee wimbo wenye ngoma, besi, magitaa mawili, kinanda, kayamba na waimbaji wanaogombania kipaza sauti, atakaa mbele ya mashine yake yenye safu ya vitufe vya kutelezesha, kila ala na kitufe chake, na atawapatanisha wote kama mshenga. Kwanza alishusha vitufe vyote hadi chini. Akaanza na ngoma, akaingiza besi, na hapo ole wako umwombe akupandishie gitaa! "Ukimpandisha mmoja umewazika wengine," angekwambia. "Nenda kanywe chai."

Mdomo huo huo ndio uliomfukuzia mtoto. Binti yake wa pekee, mwenye sauti nyembamba ya juu, aliomba siku moja aimbe na bendi iliyokuwa ikirekodi. Baba mtu akamsikiliza ubeti mmoja tu, akamkatisha mbele za watu: "Sauti gani hii? Kaimbie bafuni." Watu wakacheka. Binti hakucheka. Alipomaliza shule alihamia mji mwingine, akaimba huko na wengine, na baba yake akabakiziwa salamu za simu tu, tena za kulazimisha. Mama yake naye alikuwa ameshaolewa kwingine. Basi mzee akabaki na studio: chumba kimoja kilichobandikwa magodoro ukutani, dirisha la kioo, na kiti kimoja cha mgeni. Aliyetaka kumwona Mizani alikuja na wimbo. Asiye na wimbo hakuja.

Halafu masikio yakaanza kumtoroka. Aligundua siku mpiga kayamba alipokuwa akizitikisa nyuma ya kioo kwa nguvu zake zote, taa za mashine zinaruka, na yeye anasikia kwa mbali tu, kama mtu anayefagia nyumba ya tatu. Afanyeje? Akapandisha kayamba. Tangu hapo kila sauti nyembamba aliipandisha, mpaka wateja wakalalamika kwamba nyimbo zake zinatoboa masikio. Yeye akasingizia spika, akasingizia umeme, akasingizia vijana wa siku hizi. Hospitali hakwenda. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nani wa kumkumbusha, yale magodoro? Kusema kweli aliogopa. Fundi asiyesikia nani atamletea wimbo? Na bila wimbo, nani angegonga mlango ule?

Sasa katika hali hiyo, asubuhi moja, aliyegonga ni binti yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Za huko?"

"Nzuri." Hakukaa. Alitoa flashi mkobani. "Nimerekodi wimbo wangu mwenyewe. Kila sauti iko peke yake. Nataka unichanganyie wewe."

Angeweza kusema pale pale, mwanangu, mpelekee mwingine. Wapi! Moyo ulikuwa umeshamjaa furaha, ukamziba mdomo. "Njoo kesho mchana," akasema.

Kutwa nzima hakula. Kila alipomtafuta mwanawe ndani ya wimbo alimpata nusu. Maneno yalianza vizuri, mwisho wake ukapotea. Akampandisha. Akampandisha tena, na kayamba zikamfuata huko huko juu. Taa zilimwonya kwa wekundu wake, naye akazipuuza. "Safari hii asije akasema nimemficha," alijiambia, na alifurahi kama mtu aliyelipa deni.

Kesho yake binti aliusikiliza wimbo akiwa amesimama. Ubeti wa kwanza haukuisha, akaziba masikio.

"Zima, baba."

Akazima.

"Umenifanya nini? Kila 'sa' inachoma kama sindano. Kayamba zimepanda juu ya kila kitu. Nasikika kama paka aliyekanyagwa mkia!" Akacheka kicheko kibaya. "Ulitaka kunionyesha kwamba mpaka leo sijui kuimba. Ungesema tu. Mimi si mtoto wa kuchekwa tena."

Akachomoa flashi, akabeba mkoba.

Jamani, kuna kubanwa, na kuna kubanwa huku! Neno moja lingemsafisha mzee kwa mwanawe, na neno hilo hilo lingemfungia studio, maana binti alijuana na wanamuziki chungu nzima, na habari ya namna hiyo haikai mfukoni. Akinyamaza, studio itabaki, mtoto atakwenda, na safari hii hatarudi. Binti alikuwa ameshashika kitasa.

"Sisikii, mama."

"Husikii nini?"

"Kayamba. Na hizo 'sa' zako. Vitu vyembamba vyote. Muda mrefu sasa."

Binti alimtazama kama anayetafuta uongo. Akarudi, akachomeka flashi, akafungulia kayamba peke yake. Mzee akakaa wima, akingoja.

"Haya, zianzishe," akasema.

"Zimeshapigwa, baba. Zimefika mwisho."

Binti alivuta kiti cha mgeni, akakaa ubavuni mwa baba yake, akashusha vitufe vyote. Mzee akawa anamwelekeza: ngoma kwanza, besi ikae chini ya ngoma, mwimbaji aje mwisho. Walibishana kuhusu gitaa, na binti akashinda. Kayamba zilipokaa mahali pake, mzee alijua, kwa sababu yeye hakuzisikia kabisa.

Wimbo ulipopigwa mzima, alimsikia mwanawe mwanzo wa ubeti, kisha sauti ikapanda, ikamponyoka. Akageuka kumtazama usoni. Pale sauti ilipompotea yeye ndipo binti alipofumba macho na kulegeza mabega, na mzee akajua hapo ndipo penye uzuri wenyewe.

"Nisamehe, mwanangu," alisema, macho ameyarudisha kwenye mashine. "Nilipokuwa na masikio sikukusikiliza."

Binti alijibu kitu, kwa sauti ndogo. Mzee hakukipata, na aliona haya kumwomba arudie.