Siku Niliyowafukizia Majoka Udi

Jamani, nitawasimulia lakini msinicheke kabla sijamaliza, maana aibu hii bado inanielemea, na kama Dubai hii ingekuwa na shimo la mtu kujifukia ningekuwa nimeshajifukia.

Mnajua mimi kwa watu wa Mombasa walioko huku ni Mwalimu Mwanaidi. Ijumaa alasiri, sebuleni kwa Bi Zuhura kule Al Ras (mumewe anauza viungo), nawasomesha Kurani watoto wa kwetu, na wallahi ndicho kitu pekee cha kunifanya nijione mtu, kwani siku nyingine zote mimi ni yule dada wa sare anayeambiwa yalla, simama pale. Na ni mimi huyu huyu niliyekuwa nikiwahimiza watoto hao wajiepushe na mizimu na matambiko.

Kazi yangu ni kulinda maonyesho katika jengo moja kule Jumeirah Lakes Towers. Humo wamejenga kipande cha mtaa wa mji wa kale wa Warumi, ule uliofukiwa na majivu ya mlima wa moto, na kwenye kona kuna mahali pa ibada kama walipokuwa napo wenyewe: ukutani picha ya vijana wawili wanaocheza, ndio miungu waliolinda njia panda, na chini yao majoka mawili yenye ndevu na vishungi vyekundu (sijui nani aliwahi kumwona nyoka mwenye ndevu) yanaelekea kwenye madhabahu ya usawa wa goti, ambapo majirani walikuwa wakiweka matunda na kuchoma ubani. Hayo yote nilikuwa nikiwaeleza watazamaji kila siku, kwa hiyo hata siwezi kusema sikujua.

Basi siku moja wamealikwa wageni wakubwa jioni, na mchana mafundi wamepiga ile kona rangi upya, inanuka hadi macho yanawasha. Nakato, mwenzangu wa zamu kutoka Uganda, akashika pua.

"Dada, wageni wataingia hapa watoke wakiumwa kichwa."

Sasa mtu wa pwani umwambie wageni wanakuja na nyumba inanuka, atafanya nini kingine? Kwenye meza ya kahawa na tende kulikuwa na chetezo, makaa na udi vimo tayari, nikakichukua. Chini ni zulia, nikaogopa kuliunguza, mahali pekee pasipoweza kuungua ni pale madhabahuni, nikakiweka hapo. Makaa yalikuwa yanafifia, nikapiga magoti nikapuliza, kisha nikawa napunga moshi kwa mikono miwili kuelekea kwenye picha, maana ndiko harufu ilikotoka. (Kengele ya moto, ambayo hulia hata mtu akiunguza mkate ghorofa ya chini, siku hiyo ilinyamaza.)

Kugeuka, wageni wamejaa mlangoni, simu juu, wananipiga video. Nikataka kuinuka, lakini Madam, mkubwa wetu wa maonyesho, akaniinamia sikioni, amefurahi mno, akaninong'oneza niendelee, ni vizuri sana. Madam akikwambia endelea, wewe ni nani usimame? Nikaendelea kupuliza na kupunga, jasho linanitiririka, mzee mmoja akaja akaweka tende mbele ya majoka, mwingine naye akaweka yake, kisha wote wakapiga makofi, nami kwa haya nikainamisha kichwa. Hapo ndipo nilipojimaliza. Kwenye video haya haionekani, anayeonekana ni mwanamke wa ushungi amepiga magoti mbele ya nyoka, paji la uso karibu liguse madhabahu.

Kesho yake video iko kwenye kila simu ya watu wa pwani. Nikatuma maelezo marefu, nikatuma na sauti, hakuna aliyejibu. Kisha Bi Zuhura akapiga.

"Mwalimu, mimi nakujua," alisema kwa upole wake ule ule. "Lakini nyoka, ubani, njia panda. Tuwaambie nini watoto?"

"Ilikuwa harufu ya rangi, Bi Zuhura. Naapa." Nilijisikia mwenyewe ninavyosema, nikaona hata mimi nisingejiamini.

"Inshallah yatapoa. Pumzika kidogo, mwalimu."

Nanyi mnajua, kwetu hakuna anayekwambia umefukuzwa, unaambiwa upumzike. Ijumaa ilipofika nikavaa, nikapanda metro hadi Al Ras kama mwendawazimu, nikasimama chini ya dirisha lao. Watoto walikuwa wanasoma. Yule kitindamimba wa Bi Zuhura, ambaye nimehangaika naye mwaka mzima kwa herufi ya dhadi, aliitamka sawasawa, na sauti ya mwalimu mwingine ikamwambia mashallah. Nililia pale barabarani, wachukuzi wanapita na mikokoteni yao wananitazama.

Madam naye ameniomba nifanye vile kila Alhamisi, eti atanishonea nguo nyeupe ya Kirumi. Nikamwambia khalas, Madam, nipeleke hata kufagia choo. Na nimeapa, pahali pakinuka na panuke, wageni wazibe pua. Ila kama kuna kati yenu mwenye mtoto wa kusomeshwa, Ijumaa alasiri mimi nipo tu nyumbani.