Amewamalizia wengine msimu, sasa ni zamu yake

Saa mbili asubuhi, ndani ya saluni inayonukia mafuta ya nywele, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja ameinamia simu iliyochomekwa kwenye chaja. Vidole gumba vyake vinakimbia juu ya kioo. Hasalimii mtu. Ukimsemesha atakujibu "ngoja," na kweli utangoja.

Mtaani wanamwita Mama Ngazi. Kazi yake ni kuwamalizia watu pasi ya msimu. Mchezaji wa gemu huinunua kwa pesa yake, kisha anatakiwa acheze wiki kumi na kupanda ngazi mia moja ndipo apewe mavazi na silaha alizokwisha kulipia. Msimu ukifungwa hujamaliza, imekula kwako.

"Watu wazima wana kazi, wana watoto," anasema. "Wananunua kwa pupa, wiki ya tisa wako ngazi ya ishirini. Hapo ndipo wananikumbuka. Kampuni inataka kila mtu acheze mwenyewe, kwa hiyo sikufichi, tunafanya kwa kificho."

Kila msimu hupata wateja tisa, na malipo yao humtosha kodi ya miezi miwili. Cherehani aliyokuwa akishonea zamani haikuwahi kumpa hivyo.

Ila kazi yenyewe, usiione hivi, ina adabu yake. Mwaka jana alipewa akaunti ya dereva wa lori, naye kwa kupenda sifa akacheza kwa ufundi wake wote. Akashinda mara kumi na nne kwa siku moja. Mitambo ya kampuni ikashtuka, akaunti ikafungiwa mpaka msimu ukaisha.

"Dereva alinijia hapa, hata hakufoka," anakumbuka, akicheka kwa aibu. "Akaniambia, 'Mama, mimi sijawahi kushinda hata mara moja. Ulidhani hawatajua?' Nilitamani ardhi ipasuke inimeze."

Tangu hapo, kabla hajagusa akaunti ya mtu humtaka mwenyewe acheze mbele yake, amsome. Katika gemu hii ya kuuana hadi abaki mmoja, dereva hukurupuka kwenda mbele na kufa wa kwanza. Mwalimu mmoja wa hesabu hujificha bafuni hadi wabaki watu watano. Mama Ngazi huwaiga wote, mpaka kushindwa kwao.

Msimu huu amekata shauri jingine. Kuna shindano la wanawake lenye masharti mawili: akaunti iwe yako, na uwe umefika ngazi ya mia kabla msimu haujafungwa. Yeye aliyewapandisha wenzake miaka minne, akaunti yake ilikuwa ngazi ya tatu! Akajifunga kibwebwe, akawakataa wateja wote. Leo yuko sitini na moja, na zimebaki siku kumi na moja. Kodi kwa sasa anaibeba mdogo wake, msusi mwenye saluni hii.

Lakini si ngazi zinazomsumbua. Tunapomtazama, anaingia kwenye nyumba moja ndani ya gemu na kujibanza bafuni. Mdogo wake anachungulia, kitana mkononi.

"Dada, huyo si mwalimu?"

Mama Ngazi anatoka bafuni, anakurupuka mbele, anauawa papo hapo.

"Na huyo ni dereva! Wewe mwenyewe uko wapi?"

Mama Ngazi anailaza simu mapajani. Macho yake yanajaa machozi. "Sijui," anasema. "Haki ya Mungu, sijui mimi huwa nachezaje."

Mara simu inaita. Ni mteja wa zamani, karani wa benki, anaahidi kulipa mara mbili akipandishwa ngazi arobaini.

"Kaka yangu, msimu huu hapana," anamjibu. "Nina mteja mmoja tu, na huyo mmoja ananitoa jasho."

Anakata simu, anavuta pumzi, anaanza upya. Safari hii anatembea taratibu katikati ya uwanja. Hajifichi, wala hakurupuki. Anakufa wa ishirini, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu.

"Mia nitafika, na shindano nitaingia," anasema. "Hata wakinitoa raundi ya kwanza, sawa tu. Nataka nikishindwa, nishindwe mimi."