Bisibisi ya Baba na Spika za Mfupa

Sioni haya kusema: vifaa navijua. Nipe simu mpya dakika mbili, nitakwambia betri yake itaanza kuchoka lini na kamera yake inadanganya wapi. Mchana nauza kwenye duka la vifaa vya umeme pale Mabatini, Mwanza. Jioni nikifika kwangu Mkolani, nikishavua viatu tu, nafungua kompyuta yangu iliyong'oka herufi mbili na kuandika blogu. Naandika kwa Kiswahili. Wanaoandika kwa Kiingereza wanatosha, na mama muuza dagaa naye ana haki ya kujua kwa nini simu yake imejaa picha za kutakiana asubuhi njema mpaka imegoma kupiga.

Na siandiki nilichosimuliwa. Simu ikijigamba kwamba haiingii maji, nachota maji ya ziwa kwenye karai, yale yale yenye mchanga na magamba ya sato, naitumbukiza humo tuone. Kuna dada aliniandikia kutoka Bukoba akasema nimemwokoa, alikuwa ameshashika hela mkononi kununua takataka. Wiki ile nilitembea kichwa juu. Acha nijisifu jamani, sasa nimsubiri nani anisifu?

Wasomaji nilikuwa nao, ila mmoja niliyemtaka kuliko wote sikumpata. Baba.

Baba ni fundi wa injini za mitumbwi. Karakana yake iko ufukweni, nguzo nne na bati, na wavuvi humletea mashine ambazo mafundi wengine wamezikatia tamaa. Hana kipimo chochote. Anachukua bisibisi ndefu, anagusisha ncha kwenye injini inayonguruma, anauma mpini kwa meno na kufumba macho. Kisha anasema, "Beringi ya chini." Wakifungua wanaikuta beringi ya chini imekwisha. Tangu nikiwa mdogo sijamwona akikosea, na kama napenda vifaa, ugonjwa huu niliupatia pale, ingawa yeye alitaka niwe nesi.

Kila nikimaliza makala niliyoipenda, nilikwenda kumsomea, maana maandishi madogo yanamuumiza macho. Nilikuwa nageuza ndoo ya rangi, nakalia, nasoma kwenye simu. Baba anasugua plagi zake za injini anaitikia, "Haya. Vizuri." Makala ya kuchekesha: haya, vizuri. Makala niliyoandika nimekasirika mpaka natetemeka: haya, vizuri. Hata swali moja! Nilirudi nyumbani nimevimba. Nilimwambia mama, mume wako ananidharau, ningekuwa nesi angeniuliza hata habari za sindano. Mama alinijibu kwamba baba yangu hajawahi kuwa mtu wa maneno mengi, nimwache.

Basi siku moja nikaibiwa simu stendi ya Buzuruga. Simu ya kazi, yenye picha zote za blogu. Nilifika karakana machozi yako karibu. "Shikamoo, baba." Akaitikia marahaba, maana hiyo unaitikia hata kwa kumwona mtu anavyoinama. Nikamwambia, "Baba, nimeibiwa." Akatabasamu. Akasema, "Haya. Vizuri."

Baba yangu ni mkali, lakini si mtu wa kufurahia mwanawe kuibiwa. Nikazunguka nyuma yake nikamwita kwa sauti ya kawaida. Nikamwita tena, zaidi kidogo. Anasugua plagi. Uwii, nilijisikia vibaya! Miaka yote ile nilimnunia mtu ambaye hakuwa akisikia ninachosoma.

Kumwambia ilikuwa vita. "Kiziwi nani?" alifoka, na nyundo mkononi. "Injini zote nazisikia! Zote!" Hospitali hakutaka hata kusikia habari zake, alisema wanakwenda wagonjwa. Na jambo lililonikosesha raha ni kwamba alikuwa anasema kweli. Injini alikuwa anazisikia. Sauti yangu ndiyo alikuwa haisikii.

Haikupita muda mrefu, dukani tukapokea mzigo mpya, na ndani yake spika za masikioni za aina ambayo sikuwahi kuishika. Haziingii sikioni. Zinakaa juu ya mfupa, mbele ya sikio, zinautetemesha, na sauti inapita humo humo kwenye mfupa. Nilisoma karatasi yake nikapiga ukelele, bosi akadhani nimeona panya. Bisibisi! Baba anauma bisibisi, sauti inapanda kwenye meno, inaingia kichwani, tundu la sikio haliguswi kabisa. Mzee alikuwa na teknolojia hii mdomoni kabla mimi sijazaliwa. Bosi wangu, mzee ambaye ukoo wao umeuza vitu Mwanza tangu enzi za redio za mbao, aliniruhusu nikazijaribu, kwa sharti moja: Jumatatu zirudi safi, bila alama.

Jumamosi nikaenda nazo. "Unanifunga kamba kama ng'ombe wa mnadani?" baba aliuliza, lakini alitulia nikamvalisha. Nikaziunganisha na simu yangu nyingine, nikawasha ile sehemu ambayo maikrofoni ya simu inachukua sauti na kuipeleka kwenye spika moja kwa moja. Nikaenda kusimama mbali, kwenye nguzo ya mwisho, nikampa mgongo asije akanisoma midomo. Nikasema taratibu, "Shikamoo, baba."

Kimya. Nikajiambia, basi, ndiyo imeshindikana. Nikageuka.

Baba alikuwa ameweka plagi chini. Alinitazama, akatazama simu mkononi mwangu, akanitazama tena. "Marahaba," akasema. Kisha akasema, "Sauti yako imekua. Imekuwa ya mama yako."

Nililia, sifichi. Yeye akaniacha nilie kidogo, halafu akaniambia nikalete ndoo yangu nisome, hajavalishwa kamba bure. Nikamsomea ile ya simu na karai. Sikufika hata katikati, akanikatisha. "Hapo umewadanganya watu. Karai lina kina gani? Simu ikidondoka ziwani inashuka chini, maji yanaikandamiza. Funga kamba, ishushe kutoka kwenye mtumbwi, ndiyo uandike." Tukabishana mpaka wavuvi wakaja kutuchungulia. Nilikuwa nimeshindwa, na sijawahi kufurahi kushindwa vile. Makala niliirekebisha, nikaandika wazi kabisa kwamba kosa aliliona baba yangu, fundi.

Jumatatu spika hazikurudi. Zilikuwa na grisi kila mahali, alama za vidole vyote kumi. Bosi alinikata kwenye mshahara, akanikaripia, kisha akataka nimsimulie tena ile ya bisibisi. Na baba, baada ya kuonja kusikia, hospitali alikwenda kwa miguu yake. Daktari alituonyesha kwamba ngoma za masikio zimetoboka zamani, ila sikio la ndani ni zima, ndiyo maana mfupa unamsaidia. Hilo nililiandika kwenye blogu kwa herufi kubwa: spika hizi si dawa, na sikio la mwingine si la baba yangu, nendeni mkapimwe.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jumamosi ile, nilipotaka kufunga simu niondoke, baba alinishika mkono.

"Kuna moja ulinisomea," akasema. "Ulikuwa umevaa gauni la kijani. Ukafika mahali ukacheka peke yako, ukashindwa kuendelea, ukajifuta machozi. Mimi nikasema haya, vizuri. Nilitaka sana kujua umecheka nini, nikaona aibu kuuliza. Nisomee hiyo."

Niliijua. Ilikuwa ile ya saa ya mkononi inayohesabu hatua, iliyonipongeza kwa matembezi marefu kumbe nimesimama jikoni nasonga ugali. Nikaitafuta, nikakaa sawa kwenye ndoo, nikasoma polepole. Tulipofika kwenye mwiko, baba akacheka mpaka spika zikamdondoka, akaziokota mwenyewe kwa mikono yake ya grisi, akazivaa, akasema, "Rudia hapo."