Uzi wa Kukatika

Ukifika ufuo wetu hapa kisiwani Mfangano na kuuliza namna ya kumvua mbuta mkubwa mchana, utaambiwa kuna namna ya Gordon. Usiwaamini. Gordon alikuwa mvuvi mzuri na mume asiye na kelele, na sina kinyongo na marehemu, lakini hakuna jiwe hata moja alilolifunga yeye likaleta samaki. Aliyefunga ni mkewe, Marcella, binti wa Kisegi ng'ambo ya maji, mwanamke ambaye hakuwahi kukanyaga ndani ya mtumbwi wa kuvua maisha yake yote.

Mimi ni fundi cherehani, jina langu Jerusha. Kwetu ni Kehancha, kule Migori karibu na mpaka, na Kidholuo changu mpaka leo kinawachekesha watoto wa shule. Ndiyo maana mimi na Marcella tulizungumza Kiswahili, na nadhani ndiyo maana aliniambia mambo ambayo hakuwaambia wanawake wa ukoo wa mumewe. Alikuwa akija dukani kwangu kununua uzi. Hakutaka wa nailoni. Alitaka ule mweupe wa pamba, dhaifu, ambao sisi mafundi tunapigia bandi tu na kuutoa. Aliukata kwa mikono karibu na sikio lake, akasikiliza, kisha akachagua.

"Mama, hii itakatika," nilimwambia mara ya kwanza.

"Ndio nataka ikatike," akasema.

Wengi hapa huvua usiku, kwa nyavu au kwa taa za kuvutia omena, dagaa wa huku. Babake Marcella alikuwa mtu wa ndoana, na alimfundisha kwamba mbuta mzee, yule wa kubebwa na watu wawili, mchana hushuka chini kabisa kuukwepa mwanga. Kumfuata huko kunataka mshipi wa pima ishirini na tano, hata thelathini, na jiwe zito la kuushusha kabla mkondo haujaubeba. Shida ni hilo jiwe. Ukilifunga kwa nguvu, samaki akiuma unamvuta yeye na jiwe, naye akitikisa kichwa, uzito wa jiwe unamsaidia kuing'oa ndoana. Na jiwe likikwama kwenye miamba iliyo magharibi ya kisiwa, mtumbwi wako umefungwa ziwani kama mbuzi kwenye kigingi, na upepo ukija huna pa kukimbilia.

Kwa hiyo Marcella alilifunga jiwe kwa uzi wa pamba, nyuzi tatu kwa jiwe dogo, tano kwa kubwa. Uzi ulitosha kulibeba jiwe hadi chini, haukutosha kwa zaidi ya hapo. Samaki akiuma, uzi unakatika, jiwe linabaki, samaki anapanda peke yake. Jiwe likikwama, ni hivyo hivyo. Mawe Mfangano si haba, alisema, lakini mume ninaye mmoja.

Chambo chake kilikuwa mtoto wa mumi, yaani kambare, mzima, aliyeshikwa na ndoana chini ya ngozi ya mgongo ili aendelee kuogelea, pima mbili juu ya jiwe asije akazama kwenye tope. Gordon akirudi, kabla hata hajapewa maji ya kunawa, Marcella alikagua chambo kilichobaki. Mumi aliyekufa bila alama ya jino ameuawa na maji. Miezi ya joto, mwanzo wa mwaka, maji ya chini kabisa hayana pumzi, na kesho yake aliufupisha mshipi kwa pima tano. Upande wa chini wa kila jiwe alikuwa ameupaka mafuta ya ng'ombe, na yale mawe yaliyorudi, siku samaki hajauma, yalikuja yamenasa udongo. Tope jeusi lenye harufu lilimkunja uso. Akiona mchanga, alimwambia mumewe, kesho rudi papo hapo. Sakafu ya ziwa aliijua kwa kidole.

Mbona hakwenda mwenyewe? Mila. Mwanamke hapandi mtumbwi wa kuvua, eti samaki watakimbia, eti wimbi litakasirika. Wanawake haohao wanapanda boti ya abiria kwenda Mbita kila siku ya Mungu, na sijasikia samaki amekimbia. Niliwahi kumuuliza kama hakutamani kuona. Akaona haya kidogo, akasema angependa kwenda mara moja tu, apaone. Kwa miaka kumi na minne wanaume ufuoni walimwita Gordon "Mwalimu", naye alicheka na kuitika.

Februari mwaka jana, Jumanne asubuhi, Marcella alikuwa amefunga mawe sita ya wiki nzima wakati simu ilipoingia kutoka Kisegi. Mamake alikuwa amefariki usiku uliopita.

Sasa, ufuoni kuna neno kwamba mikono ya kilio haigusi vyombo vya kuvulia. Mfiwa anazika kwanza, ananyolewa, anamaliza siku zake, ndipo anagusa. Marcella aliyafunga yale mawe akiwa tayari ni mfiwa, ila hajajua. Je, mafundo hayo ni ya kilio au si ya kilio? Wanaume wazima wenye watoto walikaa chini na kulijadili jambo hilo. Ingekuwa wameniuliza mimi, ningewaambia fundo halina habari ya msiba. Hawakuniuliza.

Marcella aliingoja boti ya kuvuka mlangoni pangu, na nilimsikia akimwambia mumewe, "Baba Lynnet, hiyo mawe wacha mpaka nirudi. Na kama ni lazima uende, hiyo uzi usiguse."

"Sawa, Nyar Kisegi," Gordon akamjibu. "Enda tu ulilie mama."

Lakini mazishi yalikuwa Jumamosi, na mkwe haendi matangani mikono mitupu. Gordon alitaka kufika Kisegi na mbuta wa kuwafunga mdomo shemeji zake. Jumatano alasiri akaja dukani.

"Mathe Jerusha, niuzie uzi ya kushona godoro. Ile nyeusi, haikatikangi."

"Ya nini?"

"Ya mawe. Wamesema nifungue yote, nifunge tena na mkono yangu."

"Na Marcella anajua?"

Akacheka kidogo. "Hii yake huwa inaniaibisha bana. Kila siku napoteza mawe kama mtoto."

Nilijua kazi ya uzi mweupe. Pengine katika kisiwa kizima ni mimi tu, nje ya nyumba yao, niliyekuwa nimeelezwa. Ningemwambia maneno mawili. Lakini kulikuwa na mteja amesimama na gauni la harusi la kupunguzwa kiunoni, na Gordon ni mtu mzima, na mambo ya mke na mume si yangu. Nikampimia uzi, nikamfungia kwenye gazeti.

Alhamisi mchana alitoka na mwenzake Frankline. Yaliyotokea ni Frankline aliyeyasimulia. Jiwe la kwanza tu lilikwama. Walikuwa wameufunga mshipi kwenye ubao wa kukalia, kama kawaida, wakauvuta, haukuja. Upepo ukaanza kutoka kusini, mtumbwi ukataka kugeuka na mawimbi, ukashikwa ubavu. Gordon akauzungusha mshipi mkononi ili aukate kwa uzito wake, maana alikuwa amezoea kwamba unakatika. Wimbi la pili likajaa ndani. Beseni lenye kisu lilikwenda na maji. Frankline alishikilia mtungi wa mafuta mpaka boti ya abiria ikamwokota. Mwili wa Gordon uliibuka Jumamosi, siku mama mkwe wake anawekwa kaburini.

Mtumbwi ulikutwa palepale, umejaa maji, umefungwa kwenye mwamba. Vijana wa boti ya injini waliuvuta mshipi kutoka upande wa pili mpaka jiwe likang'oka, wakaja nalo. Likalazwa mchangani, watu wakazunguka. Uzi mweusi ulikuwa mzima, hata haujachanika.

Nicanor, kaka mkubwa wa Gordon, akauliza, "Nani huwa anamfungia Gordon mawe?"

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo mpaka leo linanichoma. Kwa miaka kumi na minne samaki walikuwa wa Gordon, mikono ilikuwa ya Gordon, Mwalimu alikuwa Gordon. Siku hiyo moja ufuo mzima ukakumbuka kwamba anayefunga ni Marcella.

Aliletwa kutoka Kisegi Jumapili, kichwa kimenyolewa kwa ajili ya mama, akamkuta mume amelazwa. Hakupewa hata muda wa kulia. Nicanor alimwonyesha lile jiwe mbele ya watu. Huyu alifunga akiwa na kifo mkononi, Nicanor akasema, na kifo kikaingia mtumbwini.

Marcella alipiga magoti akaushika uzi. "Hii si yangu," akasema. "Mimi sifungi na nyeusi. Na fundo si yangu. Muulizeni Frankline."

Frankline alikuwa amekaa kwenye lile baraza la kujadili kilio. Nilikuja kujua baadaye kwamba ni yeye aliyetoa shauri la kuyafungua mafundo. Aliangalia chini. "Mimi nilipata imefungwa tu," akasema.

Ndipo Marcella alipoinua uso, akanitafuta kwenye umati, akaniona. Kisiwa kizima uzi ule ulikuwa dukani kwangu tu, na yeye alijua. Hakunitaja jina. Alinipa nafasi nitoke mwenyewe.

Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Chumba cha duka langu ni cha Nicanor. Mimi ni mtu wa kuja, Mkuria katikati ya Waluo na Wasuba, na uzi uliomwua ndugu yao ulipimwa na mkono wangu. Hayo yote yalinipitia kichwani haraka sana, nikaangalia ndala zangu. Niliogopa. Sina neno zuri zaidi la kuweka hapo. Wanasema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Wangu hakungoja, alizaliwa palepale nikiwa nimesimama.

Marcella alimzika mumewe. Baada ya hapo wanawake walianza kusogeza mabeseni yao akipita, na chombo chochote alichokigusa kilioshwa. Mjane kuliacha boma la mumewe si jambo dogo kwa watu hawa, lakini walifanya hewa ikawa nzito mpaka yeye mwenyewe akafunga mzigo. Alirudi Kisegi na Lynnet, binti yake, mwezi wa Aprili.

Mwezi wa Juni Frankline alikuja dukani. Alitaka uzi mweupe wa pamba, ule dhaifu. Alichagua kwa kuukata karibu na sikio. Sasa anavua mchana, na amewaonyesha wengine nyuzi tatu kwa jiwe dogo, tano kwa kubwa, chambo pima mbili juu, na wakimuuliza alikojifunza anasema kwa marehemu. Hivyo ndivyo ilivyopata jina. Wote wananunua kwangu, na ninawauzia.

Agosti nilishindwa kuvumilia. Nilikwenda kwenye mkutano wa kamati ya ufuo, nikasimama, nikasema yote: Gordon alikuja siku gani, alitaka uzi gani, alisema atafanya nini nao. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mama, hiyo maneno ilishazikwa. Sasa unataka tumfukue Gordon?" Wakaendelea na habari ya choo cha ufuoni. Nicanor alikuwepo. Kesho yake alipita dukani akanisalimia kama kawaida, akaniuliza kama mvua haivuji chumbani. Kile nilichokuwa nimekiogopa miezi sita hakikuwepo kabisa. Nilimuuza mwenzangu bure.

Ijumaa ile nikavuka, nikapanda pikipiki hadi Kisegi. Nilimkuta uani amekaa kwenye mkeka, anamenya mihogo. Nywele zilikuwa zimeota tena, nyingi nyeupe. Alinipa kigoda. Sikuweza kungoja salamu ziishe.

"Nimewaambia," nikasema. "Nimesimama mbele ya kamati yote, nikasema ni Gordon alifunga, na uzi nilimuuzia mimi."

Aliendelea kumenya. "Mimi nilikuwa hapo?"

"Hapana."

"Lynnet alikuwa hapo?"

"Hapana."

"Frankline?"

"Alikuwa ameenda ziwa."

Akaumaliza muhogo aliokuwa nao, akautia kwenye sufuria ya maji. "Siku ile nilikungoja," akasema. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniua.

Kisha akaniuliza kama nimekula, kwa sababu mgeni ni mgeni. Aliniletea ugali na omena na maji ya kunawa, akaniwekea kwenye meza ndogo ndani ya nyumba, akatoka nje kuendelea na mihogo yake. Nilikula peke yangu.