Jicho Nililifumba, Sauti Ikabaki

Wallahi bado nina hasira. Programu yangu ya kutengenezea video ina kijicho kando ya kila tabaka la picha na sauti. Ukikifumba, tabaka halionekani. Sasa mbona sauti yake inaachwa iendelee kupayuka?

Video ya bi harusi mmoja niliijenga juu ya tangazo langu la zamani, alilolisoma kaka yangu. Kulifuta nikaona uvivu, nikafumba kijicho chake tu. Spika za kompyuta yangu ni mbovu, kwa hivyo sikusikia kitu. Fundi mzima mie!

Juzi kwenye sherehe yake ya kupamba, hapa Kisauni, ukumbi umejaa wanawake peke yao, vichwa wazi, mabuibui kando. Picha ya bi harusi ikatokea kwenye skrini, na sauti nzito ya kiume ikanguruma: "Hodi, hodi humu ndani!"

Mayowe! Kila mtu akarukia buibui. Mimi nikakimbilia mlangoni nikifoka: "Mwanamume gani huyu asiye na haya? Toka!"

Mlangoni hapakuwa na mtu. Sauti ikaendelea, taratibu: "Mwataka video ya kupendeza? Muulizeni Mwanaisha, fundi wa Kisauni."

Mamake bi harusi, kajitanda buibui la mwenziwe, akaniita kwa upole: "Mwanaisha."

"Abee," nikaitika, mkono ungali kwenye komeo.