Pitha za Bi Rehana

Juzi nilipita mahali mtu anakaanga kitu chenye sukari guru, na ile harufu ya utamu unaokaribia kuungua ikanirudisha Guangzhou, kule China, kwenye nyumba yetu ya kupanga ghorofani, enzi hizo nasoma darasa la pili.

Baba alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Mama, aliyetoka Mwanza kumfuata, alinunua nguo kwenye soko la jumla la Zhanxi na kuwatumia wenye maduka nyumbani. Alikuwa mjamzito na hakutaka mtu ajue, kwani mimba iliyotangulia iliharibika baada ya sherehe moja, na shangazi zangu wakamwambia amelishwa kitu. Basi akawa anashinda ndani ya koti kubwa la baba. Lilimficha kama tenga linavyomficha jogoo anayewika.

Mlango wa pili aliishi Bi Rehana, Mbengali wa Dhaka, ambaye hakujaliwa mtoto. Jioni moja alibisha hodi na sahani ya pitha: unga wa mchele na sukari guru, vimekaangwa vikaumuka katikati, rangi ya kahawia, vinang'aa mafuta. Kwao hupikwa siku za furaha. Alimtazama mama tumboni, akatabasamu.

Mama alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akafunga mlango. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimemwambia mtu. Nikaapa sijasema.

"Sasa amejuaje?" akanong'ona. "Na leo kuna sherehe gani?"

Akanituma nikazitupe kwenye pipa karibu na lifti. "Kikulacho ki nguoni mwako," aliniambia, nami, nikidhani anazungumzia marobota ya nguo za Zhanxi, nikaanza kujikuna. Toka hapo nikawa namchungulia Bi Rehana kwenye tundu la mlango. Asubuhi iliyofuata nilimwona ameinama juu ya lile pipa, muda mrefu. Nikamwambia mama kwamba jirani anafanya dawa. Mama akafunga komeo la juu.

Siku chache baadaye Bi Rehana akabisha tena na sahani nyingine, mama akaona haya kutomfungulia. Safari hii hakuikabidhi. Aliketi, akamega pitha moja, akala nusu mbele yetu, taratibu, mpaka akameza. Nusu ya pili akamnyooshea mama.

"Chi," akasema. Kula. Kichina chao cha sokoni kilitosha hapo.

Mama alimkazia macho. Kisha akavua koti, akala, machozi yakimtoka.

Mdogo wangu alizaliwa salama, ana sauti kama king'ora.

Ukubwani ndipo nilipojua kwamba Wabengali humlisha mjamzito vitamu mimba ikishakomaa, na kazi hiyo huifanya mama yake mzazi. Bibi yangu alikuwa mbali, Mwanza. Nikaelewa pia kwamba mama hakumchukia yule jirani. Aliogopa kuzika tena, na hofu ile ilitafuta mtu wa kumbebesha. Bi Rehana, mwanamke asiye na mtoto, aliziona pitha zake pipani, akajua vizuri tunamdhania nini. Akarudi jikoni, akakoroga unga upya.