Mizani Iliyovishwa Kofia

Ofisini kwetu wanamwita Mama Mizani. Mimi namwita shemeji, kwa kuwa alikuwa mke wa kaka yangu, na kaka yangu huu ni mwaka wa tisa tangu tumzike. Kazi yake ni kuwapangia safari watu wenye uwezo wanaotaka kwenda kuona jangwa na wanyama kusini mwa Afrika. Mtu huja na hamu tu. Hajui kwamba alfajiri ya jangwani ina baridi ya kutetemesha meno, wala hajui ni mwezi gani wanyama husongamana kwenye maji yaliyobaki. Shemeji humkalisha, humuuliza kuhusu magoti yake na usingizi wake, kisha humpangia siku moja baada ya nyingine mpaka siku ya kurudi.

Mimi nashona mifuko. Zile ndege ndogo zinazotua kwenye vumbi karibu na kambi hazipokei masanduku magumu, kwa hiyo kila mgeni wetu hupewa mfuko laini wa turubai. Cherehani yangu iko chumba cha nyuma, na humo humo ndimo ilimo mizani.

Rubani wa ndege ndogo hana budi kujua uzito wa kila abiria, ili ajue nani akae mbele, nani nyuma, na abebe mafuta kiasi gani. Ofisi nyingine huandika uzito anaoutaja mgeni mwenyewe. Shemeji naye aliandika hivyo mwaka wake wa kwanza. Bwana mmoja akajitajia kilo themanini, naye alikuwa mia na ushee. Walipofika kiwanjani rubani akamtazama, akatikisa kichwa, akashusha mifuko miwili. Mmojawapo ulikuwa na dawa za moyo za mama mwingine kabisa. Dawa zilimfikia kesho yake, na mama alikuwa mzima, lakini shemeji siku hiyo hakutia kitu kinywani. Tangu hapo kila mgeni hupimwa.

Tatizo ni hili. Watu wazima, wengine na vyeo vyao, hawapendi kusimamishwa kwenye mizani kama magunia. Ndipo shemeji akaniambia nishone kofia ya turubai ya kufunika uso wa mizani. Mgeni husimama akitazama dirishani, shemeji huinua ukingo wa kofia, huchungulia, huandika kwa penseli, huteremsha. Hakuna anayetajiwa kitu.

"Hata ukiwa na kilo za tembo," huwaambia, "siri yako nitazikwa nayo."

Watu hucheka, wakapanda.

Shemeji alianza pale ofisini kama mpokea simu. Jangwa alijifunza kwa masikio. Akipiga simu kambini kuulizia nafasi hakati mpaka ameuliza hema lipi linapigwa na upepo, ngazi ni ngapi, mpishi ana mkono mzito wa chumvi au mwepesi. Yote yamo kwenye madaftari yake. Kwenda kwenyewe alikwenda mara moja tu, siku tano, kwa mwaliko wa wenye kambi. Aliporudi nilimuuliza kukoje.

"Kimya, shemeji. Kimya mpaka unasikia unavyomeza mate. Wewe ungepapenda, maana hata hapa ukisalimiwa unajibu kesho."

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwaka jana alikuja mfanyabiashara wa mbao, mzee wa miaka sitini na kitu, na binti yake mkubwa. Walikuwa wanataka safari ya watu sita: mzee, binti, mume wa binti na wajukuu watatu, siku tisa, nne kwenye vilima vya mchanga mwekundu na tano kwenye kambi iliyo juu ya bwawa wanapokunywa tembo. Kila kitu kiwe cha hali ya juu. Binti alikuwa na simu mbili, na zote zilikuwa zikimtii.

"Nataka hema lenye bafu la nje, la baba peke yake," alisema. "Gari letu wenyewe, tusichanganywe na watu. Na mpishi asiye na maringo."

"Mpishi asiye na maringo hajazaliwa, dada," shemeji alimjibu. "Lakini nitakutafutia mwenye kiasi."

Mzee alicheka. Kisha binti akajaza fomu, na kwenye uzito wa baba yake akaandika kilo mia na kumi na mbili. Shemeji akawaeleza habari ya mizani. Binti akapimwa, mumewe na wajukuu wakaja siku ya pili yake wakapimwa. Mzee akakataa.

"Andika hiyo hiyo," alisema. "Mimi si ng'ombe wa mnada."

Alisema kwa utani, lakini hakurudi nyuma. Baada ya wao kuondoka mpokea simu wetu wa sasa akasema mzee anaogopa kuivunja mizani, na ofisi nzima ikacheka. Shemeji naye aliamini hivyo, kwamba mzee ana kilo nyingi kuliko zilizoandikwa. Meneja akamwita.

"Mama, huyu ni mteja mkubwa. Andika alichosema, tuendelee."

"Basi andika wewe, na utie sahihi yako."

Meneja akajifanya ana simu ya kupokea.

Mimi nilikuwa nimeona kitu kingine, na kilinikaa rohoni siku mbili. Mzee alikuwa ameingia chumba changu kuchagua rangi ya mifuko. Suti yake ilikuwa ya kitambaa cha maana, lakini mshono wa nyuma wa suruali ulikuwa umeingizwa ndani mara mbili, na aliyeuingiza hakuwa fundi, maana uzi ulikuwa wa rangi nyingine. Mabega ya koti yalipita mabega yake kwa upana wa vidole viwili. Chini ya koti alikuwa na sweta, na siku hiyo jua lilikuwa linaunguza. Nguo za mtu mnene hazilali hivyo, ila kama unene wenyewe umeshamhama.

Jumatatu jioni, watu wakifunga madroo yao, nikapiga moyo konde.

"Shemeji, yule mzee si mzito. Amekwisha."

Akasimama. "Umejuaje?"

Nikamweleza habari ya mshono na sweta. Ningeweza kuishia hapo, lakini neno lililofuata lilikuwa limenikaa kooni miaka minane, nami nikaona nikilimeza tena sitalisema kamwe.

"Kaka alikuwa akiniletea suruali zake nimpunguzie kiuno. Aliniambia ni joto, nisikwambie, utampikia mpaka apasuke. Nilicheka. Nilipunguza mara tatu. Mara ya nne hakuja."

Shemeji alikaa juu ya robota la turubai. Hakunifokea, na ingekuwa nafuu kwangu kama angenifokea.

"Nilidhani alinunua mpya," alisema mwishowe. Akachukua mkoba wake, akaenda zake.

Kesho yake, Jumanne, akampigia mzee simu, akamwomba aje peke yake kuona mfuko wake kama unamfaa. Mzee akaja. Shemeji akafunga mlango. Nilipoinuka niwapishe, akanionyesha kiti changu kwa kidole.

"Kaa, fundi. Ni wewe uliyeona." Kisha akamgeukia mgeni. "Mzee wangu, unaumwa?"

Uso wa mzee ulisawijika. Akanitazama mimi, akatazama mizani, akavuta kiti cha chuma akakaa.

"Daktari amenipa mwaka," alisema. "Pengine usitimie. Nguvu ya kutembea ninayo bado, miezi michache. Nimekata mbao maisha yangu yote, mama. Popote nilipofika nilikuta miti, nikaiacha imelala. Nataka nione mahali ambapo hapakuwa na mti tangu mwanzo, na nione wale wanyama wanakuja kunywa, na wajukuu wangu wako pembeni wanacheka. Basi."

"Na binti yako hajui."

"Akijua, safari imekwisha. Utaniona hospitalini nimelazwa chali nahesabu matone ya dripu. Niandikie mia na kumi na mbili, mwanangu. Nakuomba."

Nilidhani atakubali. Mzee mzima, anamwomba mtu, macho yamejaa maji. Shemeji alikunja mikono yake mapajani.

"Siwezi. Rubani akipewa uongo mkubwa namna hiyo anakosea mizigo, na ndani ya ndege wamo wajukuu zako. Halafu kule kambini hospitali ni saa mbili kwa ndege. Ukianguka, binti yako ndiye atakayekuwa amekushika, naye hatajua hata aseme nini kwenye simu ya upepo."

"Sitaanguka."

"Mume wangu alinificha hivyo hivyo," shemeji akasema. "Wiki yake ya mwisho tuligombana juu ya mlango wa kabati. Bawaba ilikuwa imelegea, nikamwambia wewe ni mvivu, siku nzima umelala. Nikamnunia siku mbili. Ningejua, mzee, ningeuacha mlango ule udondoke nikakaa naye. Siku mbili zile nazitaka mpaka leo, na hakuna wa kunirudishia."

Tulikuwa tunasikia cherehani yangu tu, gurudumu lake lilikuwa bado linazunguka polepole kwa kuwa nilikuwa nimelisukuma bila kujijua.

"Karatasi ya uzito naituma Ijumaa saa nne asubuhi," shemeji alisema. "Mimi sitamwambia binti yako. Si habari yangu kuisema. Lakini uongo sitautuma. Ukimwambia, nitakupangia safari nyingine, ya mtu anayeumwa, na nitaipanga vizuri kuliko hii. Usipomwambia, nafuta."

Mzee aliondoka bila kuaga. Meneja alipopata fununu alikuja juu. Alimwambia shemeji kwamba wateja sita wa siku tisa hawaokotwi barabarani, na kwamba wakifutiwa safari, yeye mwenyewe naye ajihesabu amefutwa. Shemeji aliitikia, "Nimesikia," akaendelea na kazi. Lakini Alhamisi nilimwona anakusanya madaftari yake ya jangwa, anayafunga kwa kamba, kama mtu anayejua kuwa huenda atahama.

Ijumaa saa tatu na nusu mzee akaja na binti yake. Binti alidhani wamefuata mifuko. Mzee akavua koti, akavua sweta, akaliweka juu ya meza yangu. Shati lilimpwaya kama limetundikwa kwenye msumari. Akapanda mizani, na badala ya kutazama dirishani akainama, akaivua kofia mwenyewe.

"Soma, mama," akamwambia binti yake.

Mshale ulisimama kwenye sabini na nne.

"Mizani yenu mbovu," binti alisema. Akamshika baba yake mkono akamshusha, akapanda yeye. Sitini na tatu, hata nusu haikuzidi. Naona ndio uzito aliokuwa akiujua, maana alibaki amesimama pale juu, ameukodolea macho mshale, na simu zake zote mbili zinalia asizisikie.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu mwaka jana, mwanangu. Nilikuwa nataka kukwambia tukirudi."

Aliposhuka alimgeukia shemeji. "Na wewe ulijua lini?"

"Jumanne."

"Jumanne! Ukanyamaza siku tatu unanipigia simu za rangi ya mifuko?"

"Nilinyamaza, ndiyo."

"Una roho ya jiwe, mama."

Binti akamshika baba yake kiunoni, akamtoa nje, sweta likabaki mezani kwangu. Saa nne ilipofika shemeji akaandika kambini kwamba watu sita wamefuta. Meneja alimtaka tu apite kwake Jumatatu saa tano.

Jumatatu saa tatu binti alikuwa ameshafika, peke yake. Macho yalikuwa yamevimba, na mkononi alikuwa na barua ya daktari. Akaketi mbele ya meza ya shemeji na kuisukuma barua kwake.

"Tumekesha naye siku tatu," alisema. "Tumelia, tumegombana, tumecheka. Amenieleza mambo ambayo hajawahi kunieleza. Bado nina hasira na wewe."

"Ni haki yako, dada."

"Daktari anasema siku tano, si tisa. Na muuguzi awepo. Mume wangu amemwachia muuguzi nafasi yake."

Shemeji akafungua ile kamba ya madaftari. Meneja alitokeza kichwa mlangoni, akamwona aliyekaa, akakirudisha. Wale wawili wakaanza upya. Walikata vilima vya mchanga vya kupanda kwa miguu, wakaacha kimoja ambacho gari hufika mpaka juu. Walitafuta kambi iliyo karibu kabisa na kiwanja cha ndege. Shemeji alipiga simu huko akauliza ngazi ngapi, jokofu la dawa lipo au halipo, ndege ya wagonjwa huchukua dakika ngapi kutoka mjini, na kila jibu alimgeuzia binti, naye binti akalirudia kwa sauti na kuliandika kwenye karatasi yake.

"Asubuhi hana nguvu," binti alisema. "Huamka saa moja lakini hainuki mpaka saa tatu."

"Na wanyama huja majini saa moja."

Wakatazamana. Shemeji akarudi kwenye simu, akamuuliza mtu wa kambini kama kitanda cha hema la mwisho, lile lenye kioo kinachotazama maji, kinaweza kusogezwa. Akasikiliza, akaziba simu kwa kiganja.

"Wanasema kwa kawaida mgeni hulala amekipa kisogo kioo, jua lisimsumbue."

"Wakigeuze," binti alisema. "Jua atalivumilia."

Shemeji akaondoa kiganja, akawaambia wakigeuze.